Haki ya Fumbo: Vigezo vya Kuwachagulia Watoto wa Gitega na Muyinga Vitabu vya Mafumbo na Upelelezi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina za vitabu vya mafumbo na upelelezi vinavyoweza kupendekezwa kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13, yakiwalenga watoto wa Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha kwanza cha uteuzi si umaarufu wa kitabu wala wepesi wa lugha yake, bali ni haki ya fumbo, yaani iwapo mtoto anayo, katika maandishi na katika maisha yake, maarifa yote anayohitaji ili alifumbue mwenyewe. Kwa kigezo hiki, baadhi ya vitabu maarufu vinastahili kusomwa vilivyo, vingine vinahitaji kuandikwa upya, na vingine ni vya kusubiri umri. Makala yanapendekeza pia kwamba sarufi ya Kiswahili, saa na mpaka wa Kobero vitumike kama malighafi ya mafumbo mapya.

1. Utangulizi

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi katika shule za msingi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Nafasi hiyo ni ya somo. Mtoto hukutana na Kiswahili katika zoezi la msamiati, katika jedwali la ngeli na katika mtihani. Nje ya darasa hukisikia sokoni, kwenye vituo vya magari na katika mitaa ya wafanyabiashara. Kinachokosekana baina ya mahali hapo pawili ni kitabu ambacho mtoto angekisoma kwa kutaka kujua kitakachotokea, kisha akarudi ukurasa wa tatu kwa hiari yake kwa sababu amehisi kwamba kuna jambo lilimpita.

Kitabu cha fumbo kina uwezo huo kuliko tanzu nyingine. Hadithi ya kawaida humwomba msomaji asonge mbele. Hadithi ya fumbo humlazimisha arudi nyuma. Kwa mwanafunzi anayejifunza lugha ya pili, ya tatu au ya nne, kurudia kusoma kwa hamu ni mazoezi ambayo ni vigumu mwalimu kuyaagiza yakatekelezwa. Kwa hiyo swali la vitabu gani vipendekezwe si jambo dogo la burudani. Linahusu iwapo Kiswahili kitakuwa lugha ya kufikiria au kitabaki lugha ya kukariri.

Kuna sababu nyingine inayohusu Burundi hasa. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini humo kimehusishwa na Waislamu, wafanyabiashara na wakazi wa mijini, na katika mazungumzo ya kila siku jina la Mswahili limebeba pia dhana ya mtu mjanja asiyeaminika. Fasihi ya upelelezi ya watoto, ikichaguliwa vyema, huiweka lugha hiyo mahali pengine kabisa. Huifanya kuwa lugha ya ushahidi, ya kupima kauli na ya kumwondolea lawama asiye na kosa.

2. Mkataba wa kitendawili

Mtoto wa Gitega haji kwenye kitabu cha fumbo mikono mitupu. Anao mchezo wa Kirundi wa ibisokozo, ambamo mtegaji huita «Sokwe!» na wenzake hujibu «Niruze!». Jirani yake anayezungumza Kiswahili anao mchezo wa «Kitendawili!» na «Tega!». Michezo hii miwili inafanana katika jambo la msingi, nalo ni kwamba fumbo ni mapatano baina ya pande mbili. Mtegaji hana ruhusa ya kutega jambo ambalo mteguaji hawezi kulifahamu. Jibu lazima liwe kitu kinachoonekana nyumbani, shambani, njiani au angani. Anayeshindwa katika mchezo wa Kiswahili huombwa mji, na akishatoa mji hupewa jibu. Jibu linapotajwa, wasikilizaji hucheka kwa sababu wanatambua kwamba lilikuwa mbele ya macho yao muda wote.

Hicho ndicho kiini cha haki ya fumbo. Jibu jema humfanya aliyeshindwa aseme «ningeweza kujua». Jibu baya humfanya aseme «ningejuaje?». Mwandishi wa hadithi ya upelelezi kwa watoto anafungwa na mapatano yale yale. Vidokezo vyote viwe vimewekwa wazi kabla ya suluhisho, na vieleweke kwa mtu wa umri na mazingira ya msomaji.

Kigezo hiki kinatusaidia pia kutenganisha aina mbili za hadithi ambazo huchanganywa katika orodha za vitabu. Hadithi za Abunuwasi kwa Kiswahili, pamoja na zile za Samandari na za Bakame kwa Kirundi, ni hadithi za werevu. Zinafurahisha na zinastahili nafasi yake, lakini ndani yake msomaji humtazama mwerevu akitenda. Haombwi atangulie kutegua. Kuziweka kwenye rafu ya mafumbo kwa kuwa tu zina akili ndani yake ni kumnyima mtoto kile anachokitafuta kwenye rafu hiyo, yaani zamu yake.

3. Urithi wa Bwana Msa na mipaka yake

Anapotakiwa kutaja upelelezi katika Kiswahili, mtaalamu yeyote huanza na Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo. Ndani ya kazi hizo Bwana Msa, mwenye kiko chake, hufikiri kwa utulivu akiwa na Najum pembeni yake, kwa namna inayomkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson. Baadaye walikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambao waliipeleka tanzu hii kwenye ujasusi, silaha na miji mikubwa.

Urithi huu ni tajiri, lakini uliandikiwa watu wazima. Riwaya za Musiba na Mtobwa zina ukatili na mapenzi yasiyomfaa mtoto wa miaka 11. Za Abdulla ni safi zaidi, ila mafumbo yake hukaa ndani ya siri za ndoa, nasaba na urithi wa mali, na Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye methali na msamiati ambao hata mwalimu wa Muyinga atauhitajia kamusi. Zaidi ya hayo, mara nyingi msomaji humtazama Msa akifikiri badala ya kufikiri pamoja naye, na maelezo marefu ya mwisho hufungua mambo ambayo msomaji hakuwa na njia ya kuyajua. Kwa kigezo cha haki ya fumbo, tunapendekeza riwaya hizi zisubiri sekondari.

Hata hivyo, Abdulla ametuachia kanuni moja isiyopaswa kusubiri. Katika Mzimu wa Watu wa Kale watu wako tayari kuyahusisha mauaji na nguvu za mizimu. Msa anakataa kuyapokea maelezo hayo kabla ya kuchunguza. Mpelelezi wa kwanza mkubwa wa Kiswahili alianza kazi kwa kudai sababu ya kibinadamu. Kitabu chochote cha upelelezi kwa watoto wa Burundi kinapaswa kuurithi msimamo huo, hata kama hakina kiko wala maiti.

4. Vitabu vya nje: vitatu vya kupimwa

Kwa kuwa rafu ya Kiswahili kwa umri huu bado ni nyembamba, washauri huelekea kwenye orodha za kimataifa. Tunapima mifano mitatu.

Wa kwanza ni Emil und die Detektive cha Erich Kästner, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1929. Emil anasafiri kwa treni kwenda Berlin akiwa na marki 140, ambazo amezibana kwa pini ndani ya koti lake. Analala, na anapoamka fedha hazipo. Watoto wa mjini wanamsaidia kumfuata mshukiwa, na mwishowe fedha zinatambuliwa kuwa zake kwa sababu noti zina matundu ya pini. Fumbo hili linatimiza haki yote. Pini inatajwa mapema, mbele ya macho ya msomaji, na haihitaji ujuzi wowote wa Ujerumani. Mtoto wa Muyinga aliyemwona mama yake akifunga fedha kwenye pindo la kitenge kabla ya kupanda gari anauelewa ushahidi huo kikamilifu. Ni kweli kwamba mwizi ni mgeni mwenye kofia aliyekaa karibu na Emil, na mwalimu hana budi kuangalia hapo. Lakini kinachomtia hatiani si ugeni wake. Ni matundu. Tofauti hiyo inafaa kujadiliwa darasani, na ndiyo inayokifanya kitabu hiki kistahili kuwa cha kwanza katika orodha yetu.

Wa pili ni mfululizo wa Encyclopedia Brown wa Donald Sobol, ulioanza Marekani mwaka 1963. Umbo lake linafaa sana mahali penye vitabu vichache. Kila kisa kina kurasa chache, husimama kabla ya suluhisho, na msomaji huelekezwa mwisho wa kitabu kutafuta jibu. Mwalimu anaweza kusoma kisa kimoja katika kipindi kimoja na kuliweka jibu kwapani hadi kesho. Tatizo liko kwenye vidokezo. Katika kisa kimojawapo cha kitabu cha kwanza, upanga unaodaiwa kuwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani unagundulika kuwa bandia kwa sababu maandishi yake yanataja mapigano ya «kwanza» ya Bull Run, ya mwaka 1861, ilhali wakati huo hakuna aliyejua kwamba yangekuwepo ya pili. Mantiki ni nzuri mno, lakini mtoto wa Gitega atasema «ningejuaje?», na atakuwa na haki.

Wa tatu ni Le Club des Cinq, jina la Kifaransa la mfululizo wa Enid Blyton ulioanza Uingereza mwaka 1942. Kwa kuwa upo kwa Kifaransa, ni rahisi kuupendekeza Burundi. Tunaupokea kama hadithi za matukio, si za fumbo. Watoto wake hupata ukweli kwa kusikia mazungumzo ya watu wazima kwa bahati au kwa kuangukia njia ya chini ya ardhi. Mara kadhaa pia mtu hushukiwa kwa kuwa si wa hapo, kwa sura yake au kwa maisha yake ya kuhamahama. Kasoro hii si ndogo kwa Muyinga. Eneo hili limewahifadhi wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Kinama iliyoko Gasorwe, na liko kwenye njia ya Warundi wanaorejea kutoka Tanzania. Darasani wanaweza kukaa pamoja mtoto ambaye hajawahi kuhama, mtoto aliyekulia kambini na mtoto aliyerejea juzi akizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kirundi. Kitabu kinachofundisha kwamba mgeni ndiye mwizi kitasomwa na watoto hao wote, na mmoja wao atakielewa kwa namna ya pekee.

5. Kuandika upya badala ya kutafsiri

Mfano wa upanga unaonyesha kwa nini tafsiri peke yake haitoshi. Tukitafsiri maneno, tunahamisha fumbo lisilofumbulika. Tukihamisha mantiki, tunapata fumbo jipya la Kirundi na Kiswahili. Wajerumani waliufanya mji wa Kitega, kama ulivyoandikwa wakati huo, makao ya utawala wao mwaka 1912, na majeshi ya Ubelgiji yakauteka mwaka 1916. Tuseme mtu anawaletea wahusika wa Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, panga la afisa lililochorwa maneno «Vita vya Kwanza vya Dunia, Kitega, 1916», akidai kwamba lilichorwa siku mji ulipotekwa. Mtoto wa miaka 12 aliyesoma historia anaweza kumkamata tapeli huyo. Mwaka 1916 vita hivyo havikuwa vimezoeleka kuitwa vya kwanza. Ujuzi unaohitajika umo katika somo lake, na mahali penyewe anaweza kupafikia.

Lugha zenyewe pia ni hazina ya vidokezo. Kiswahili na Kirundi hazitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Mwandishi anaweza kusimulia kwa uaminifu kamili kwamba mshukiwa «aliingia, akainama, akaondoka», huku msomaji akijijengea mwenyewe picha ya mwanamume. Hila hiyo hufa katika Kifaransa, ambacho hulazimika kuchagua kiwakilishi. Ni fursa ambayo mwandishi wa Kiswahili anayo bure.

Upatanisho wa kisarufi unatoa fursa kubwa zaidi. Mwalimu mkuu anawaambia wanafunzi watatu: «Kuna kitu kimepotea ofisini.» Wa kwanza anajibu: «Sikukichukua mimi.» Wa pili anajibu: «Sijachukua kitu.» Wa tatu anajibu: «Mimi sikuuchukua.» Kilichopotea ni ufunguo, na hakuna aliyeutaja. Kiambishi kimoja kimesema kile ambacho msemaji alitaka kukificha. Kirundi nacho kina upatanisho wa ngeli, kwa hiyo mtoto ataihisi dalili hiyo hata kabla ya kuweza kuieleza. Lakini haki ya fumbo inadai tahadhari. Anayejifunza Kiswahili anaweza kukosea kiambishi bila hatia yoyote. Kwa hiyo mwandishi lazima aonyeshe mapema kwamba mwanafunzi wa tatu ni mzungumzaji hodari, la sivyo fumbo litageuka adhabu kwa wanaojifunza.

Muyinga ina kidokezo kingine ambacho si kila mahali kinapatikana. Kutoka Kobero, upande wa Burundi, hadi Kabanga, upande wa Tanzania, ni mwendo mfupi, lakini saa za Tanzania zimetangulia kwa saa nzima. Msafiri anaweza kuapa kwamba aliondoka Kabanga saa tatu asubuhi, na shahidi wa Kobero akaapa kwamba alimwona akifika saa mbili na nusu. Wasiojua mpaka watasema mmoja ni mwongo. Mtoto wa Muyinga atajua kwamba wote wawili wamesema kweli. Hapa mtoto wa pembezoni, ambaye kwa kawaida vitabu humfundisha mambo ya miji ya mbali, ndiye mwenye maarifa ambayo msomaji wa mji mkuu hana.

6. Nani apeleleze, nani asikie

Suala la mpelelezi linahitaji neno. Polisi na mpelelezi wa kukodiwa si wahusika wa lazima. Utamaduni wa Burundi unao Bashingantahe, wazee wenye heshima ambao alama yao ni fimbo ya intahe, na ambao kazi yao ni kuzisikiliza pande zote kabla ya kuamua. Hadithi ambamo watoto wanakusanya ushahidi na kuufikisha mbele ya baraza la namna hiyo ingekuwa na umbo la upelelezi na maadili ya mahali. Katika nchi ambamo vizazi vimeishi na matokeo ya mwaka 1972 na mwaka 1993, kumfundisha mtoto kwamba tuhuma si ushahidi, na kwamba aliyeshukiwa ana haki ya kusikilizwa, ni elimu yenye uzito. Kwa sababu hiyo hiyo tunashauri mafumbo ya umri huu yahusu vitu vilivyopotea, barua zisizo na jina, vitu bandia na ahadi zilizovunjwa, si mauaji.

Upande wa pili ni nani atakayelisikia fumbo. Maktaba ya Muyinga, iliyosanifiwa na kampuni ya Ubelgiji ya BC Architects na kukamilika mwaka 2012, ilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, na ndani yake umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza wakasoma. Ilijengwa kama sehemu ya mradi wa shule ya watoto viziwi. Vitendawili vya jioni hutegwa kwa sauti, na mtoto kiziwi hubaki nje ya duara. Kwenye ukurasa anaingia sawa na wenzake, ilimradi mwandishi asimfungie mlango tena. Kisa kinachofumbuliwa kwa kutambua lafudhi ya mtu, mlio wa kengele au wimbo uliosikika usiku kitamwambia kwamba fumbo hili si lake. Alama za miguu, mwandiko, kivuli, noti yenye matundu na kiambishi kilichoandikwa ni vidokezo vya watoto wote.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unatufikisha kwenye mapendekezo matano kwa watunga sera wa elimu, wachapishaji na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kwanza, kila kitabu cha fumbo kinachopendekezwa kwa miaka 10 hadi 13 kijibiwe maswali matatu kabla ya kununuliwa: je, vidokezo vyote vimo kabla ya suluhisho? Je, mtoto wa Gitega au Muyinga anaweza kuvitambua? Je, mkosaji anatiwa hatiani na ushahidi au na ugeni wake?

Pili, Emil und die Detektive kipewe kipaumbele cha kusomwa kilivyo, kwa Kifaransa panapowezekana na kwa tafsiri ya Kiswahili itakayoandaliwa kwa uangalifu.

Tatu, umbo la visa vifupi vya Sobol lichukuliwe, lakini vidokezo viandikwe upya kutokana na historia, lugha na mazingira ya Burundi. Kazi hiyo wapewe waandishi na walimu wa Burundi wanaokijua Kiswahili, wakishirikiana na wahariri wa Tanzania na Kenya.

Nne, riwaya za Bwana Msa zitengewe sekondari, na walimu wa msingi wazisome wenyewe kama mafunzo ya namna ya kudai sababu.

Tano, vitabu hivi visigeuzwe mitihani. Mtoto akijua kwamba ataulizwa jina la mhusika na rangi ya koti lake, atakariri koti na kuyasahau matundu ya pini. Kipimo cha kutosha ni kumwomba aonyeshe kwa kidole mstari uliompa jibu. Akiuonyesha, amesoma. Akionyesha mstari mwingine na kuutetea kwa hoja, pengine amesoma vizuri zaidi kuliko tulivyotarajia, na mwandishi wa fumbo hilo ndiye anayedaiwa mji.